Kushona mfuko wa kitenge wenye bitana nyumbani: vipimo, mikanda na makosa niliyoyafumua

Mwenye uzi

Ndugu zangu, salaam. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, nimekuwa nikishona mwenyewe mifuko ya kwendea sokoni, kwanza kwa ajili ya nyumba yangu, kisha kwa majirani walioona na kutaka. Ninafungua uzi huu kwa sababu maelekezo mengi ninayokutana nayo humfundisha mtu kushona mfuko mzuri wa kupigia picha, ilhali mfuko wa sokoni lazima uhimili kilo 5 za viazi pamoja na chupa ya mafuta.

Mfuko wangu wa kwanza ulidumu wiki tatu. Kitambaa chenyewe hakikuchanika popote. Kilichotokea ni kwamba mkanda mmoja uling'oka nikiwa nashuka kwenye daladala, na vitunguu vikatawanyika barabarani mbele ya watu. Nilipoufumua mfuko huo usiku, niliona kosa langu: ncha za mikanda nilikuwa nimezichomeka tu kati ya kitambaa cha nje na bitana, yaani kitambaa cha ndani, nikapitisha mshono mmoja wa mdomoni, na mshono huo mmoja ndio uliokuwa ukibeba kila kitu. Kuanzia hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja kabla ya kukata chochote: uzito ukitoka mkononi unapita wapi?

Vipimo ninavyovitumia sasa ni hivi. Mfuko uliokamilika una upana wa inchi 14, kimo cha inchi 15 na kina cha inchi 4 chini. Ili kuupata, ninakata vipande viwili vya kitambaa cha nje, kila kimoja kikiwa na upana wa inchi 19 na urefu wa inchi 18, huku mshono ukila nusu inchi kila upande. Ukitoa inchi moja ya mishono ya ubavuni na inchi 4 zinazoliwa na kitako, upana unabaki 14. Kwa kimo, nusu inchi inaliwa juu, nusu nyingine chini, na inchi 2 zinaingia kwenye kitako, hivyo zinabaki 15. Anayetaka ukubwa tofauti abadilishe namba kwa hesabu hiyo hiyo.

Nunueni yadi moja na robo ya kitenge, si yadi moja kamili. Vipande viwili vya inchi 18 vikipangwa kimoja chini ya kingine vinahitaji inchi 36 bila hata uzi mmoja wa ziada, na pamba ikioshwa inarudi nyuma. Ndiyo maana ninaosha na kupiga pasi vitambaa vyote, cha nje na cha ndani, kabla ya kugusa mkasi. Niliwahi kuona uvivu hatua hiyo nikaunganisha kitenge kilichokwisha kufuliwa na bitana mpya kutoka dukani. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza bitana ilisinyaa na kuuvuta mfuko mzima kwa ndani, ukawa na mikunjo kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Mikanda ninaikata kwa kufuata mtande, yaani sambamba na ukingo wa kitambaa, kwa sababu kikikatwa kwa upande wa mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza upana, kinavutika zaidi na baada ya mwezi mikanda inakuwa mirefu kuliko ulivyoikata. Kila mkanda una upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 26 kwa mfuko wa kushikwa mkononi, au inchi 32 kwa anayetaka kuutundika begani. Ninaukunja katikati kwa urefu, ninaupiga pasi, ninaufungua, ninakunja kingo mbili hadi zikutane kwenye alama ya katikati, kisha ninaukunja tena. Ninapata mkanda wa inchi moja wenye tabaka nne, ambao ninaushona kingo zote mbili.

Nitaendelea na ushonaji wenyewe nikishasikia maswali yenu kuhusu ukataji, maana hapo ndipo wengi huharibu kitambaa.

Mgeni wa Cherehani

Asante sana, dada. Mimi nina kanga mbili ambazo sizivai tena na ningependa kuzitumia badala ya kununua kitenge. Je, kanga inafaa? Na je, bitana niweke kitambaa gani, kwa sababu muuzaji mmoja alinipa bafta na mwingine akaniambia kwamba bafta haifai kitu?

Mwenye uzi

Kanga inafaa kwa sharti moja, kwamba isiachwe peke yake. Ni nyepesi kuliko kitenge, na ukishona mfuko wa kanga tupu utaning'inia kama soksi. Ninaipachika juu ya kitambaa kigumu zaidi, kwa mfano kaki nyepesi au kanvasi yenye gundi upande mmoja inayobandikwa kwa pasi, kisha ninavishughulikia vitambaa hivyo viwili kama kimoja tangu kukata hadi mwisho. Ukitumia kaki, piga bandi, yaani mshono wa muda wa hatua ndefu, kuzunguka kingo zote ili tabaka zisiteleze.

Jambo la kufurahisha katika kanga ni jina. Kabla ya kukata, itandike chini na uamue jina litatokea wapi, kwa sababu ukikata kwa haraka unaweza kuishia na nusu ya methali upande mmoja na nusu nyingine kitakoni. Mimi hulikata jina pamoja na sehemu ya pindo, nikalifanya kuwa mfuko mdogo wa nje, halafu mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, ukawa mwili wa mfuko. Kuna shangazi mmoja aliniomba jina liwekwe ndani, kwenye bitana, alisome yeye peke yake kila akifungua. Sikumuuliza sababu.

Kuhusu bafta, muuzaji wa pili hakukosea sana. Ni laini na rahisi kushona, lakini funguo na kona za pakiti za unga huitoboa mapema. Mimi hutumia marekani.

Mwana Kisauni

Naongezea kutoka Mombasa, ambako kanga tunaiita leso. Kwetu marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza mapema zaidi, tarehe 28 Agosti 2017, na wakati huo maduka ya leso ya Biashara Street yaliwapata wateja wa aina mpya, watu wanaonunua kwa ajili ya mifuko. Nilichojifunza ni kwamba mtu asiufuate upendo wa maua akasahau mwelekeo wake. Kitambaa chenye ndege, miti au maandishi kina juu na chini. Wako wanaokata kipande kimoja kirefu na kukikunja chini ili kuepuka mshono wa kitako, na matokeo yake ndege wa upande wa pili wanasimama kwa vichwa. Vipande viwili ni kazi zaidi, lakini ni salama.

Halafu, kwa kuwa marekani imetajwa, niseme neno moja kabla ya kurudi kwenye sindano. Vijana wengi hudhani ni jina la duka. Kitambaa hicho cha pamba kisichopaushwa kilipata jina lake kwa sababu kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, katika karne ya 19. Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na nchi hiyo mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza akaanza kazi Unguja mwaka 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliikata biashara hiyo, na vitambaa vya viwanda vya kwingine vikashika nafasi, lakini jina halikuondoka. Basi ukiweka bitana ya marekani ndani ya leso, umeviunganisha vitambaa viwili vilivyofahamiana zamani sana hapa pwani.

Mwenye uzi

Shukrani, kaka. Sasa niendelee na ushonaji.

Naanza na mikanda kabla ya kuunganisha chochote, wakati kipande cha mbele na cha nyuma bado vimelala bapa. Ninatafuta katikati ya upana, ambayo ni inchi 9 na nusu, na kutoka hapo ninapima inchi 3 kila upande. Hapo ndipo kingo za ndani za mkanda zitakaa. Kwa nyuma ya kitambaa, mahali pa kila ncha, ninaweka kiraka cha kaki cha inchi 3 kwa 4. Ncha ya mkanda ninaikunja nusu inchi kwa ndani na kuiweka ili mwisho wake uwe inchi 3 na nusu chini ya ukingo wa juu, kisha ninashona mraba wenye msalaba ndani yake, nikiishia inchi moja na robo kabla ya kufika ukingoni. Nafasi hiyo ya juu isiguswe, kwa kuwa mshono wa mdomo utapita hapo baadaye. Kwa namna hii uzito unatoka mkononi, unaingia kwenye mkanda, unasambaa kwenye mraba na kiraka chake, na kutoka hapo unaenea kwenye kitambaa chote cha nje. Mshono wa mdomo unabaki na kazi ya kufunga mdomo tu.

Kisha ninaweka uso kwa uso vipande viwili vya nje, ninashona mbavu na chini. Kwa kitako, ninaifungua kona na kuibana ili mshono wa ubavu ulale juu kabisa ya mshono wa chini, na kona ikawa pembetatu. Kutoka kwenye ncha ya mishono napima inchi 2, nachora mstari unaokatiza, ambao ukipimwa utakuwa na urefu wa inchi 4, nashona juu yake mara mbili na kukata kilichobaki. Mstari usipofika inchi 4, fahamu kwamba hukupima kutoka kwenye mshono bali kutoka kwenye ukingo wa kitambaa. Nililifanya kosa hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeliandika kwa chaki ukutani, juu ya cherehani.

Bitana nayo inashonwa vivyo hivyo, lakini kuna mambo mawili yanayoitofautisha. La kwanza, katika mshono wa chini acha tundu la inchi 6 lisiloshonwa. La pili, bitana lazima iwe ndogo kidogo kuliko mfuko wa nje, la sivyo itajikusanya ndani na kila ukitoa pochi itatoka nayo. Kwa hiyo ninaikata fupi kwa robo inchi, na mishono yake ya ubavu inaanza juu kwa nusu inchi ile ile, kisha baada ya inchi 2 inaingia ndani kidogo kidogo hadi kufikia thumni tano za inchi. Juu lazima ilingane na mfuko wa nje, kwa sababu midomo miwili itashonwa pamoja.

Fundi wa Miaka Mingi

Nimesoma kwa makini na ninakubaliana na mengi, lakini hapa kwenye bitana ninaomba nitofautiane nawe, mwanangu. Nimeshona mabegi kwa muda mrefu, na mabegi yaliyorudishwa kwangu kwa matengenezo mengi yalikuwa yamepasuka bitana, si kitambaa cha nje. Sababu ni hiyo hiyo unayoisifu. Bitana ikiwa ndogo kuliko mfuko, hasa ikiwa fupi, mzigo haukai kwenye kitako cha nje bali unaning'inia ndani ya bitana kama mtoto kwenye mbeleko, na kitambaa chembamba kuliko vyote ndicho kinachopewa kazi nzito kuliko zote. Upunguze upana ukipenda, lakini kimo kisiguswe. Ikiwezekana, bitana ifike chini kabisa na kukaa juu ya kitako cha nje, vitako viwili vikibeba kwa pamoja.

Tena, ukishamaliza kona za kitako za nje na za ndani, kabla ya kugeuza, unaweza kuzishikiza kona hizo pamoja kwa mishono michache ya mkono kwenye ziada ya mshono. Bitana haitatoka na pochi tena, hata ikiwa na kimo kamili.

Mwenye uzi

Fundi, nimeupima mfuko wangu wa sasa baada ya kusoma ulichoandika. Nilitia kilo 4 za mchele ndani, nikautundika kwenye msumari na kuingiza mkono chini. Ni kweli, kati ya kitako cha bitana na kitako cha nje kulikuwa na nafasi, na bitana ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma. Mimi niliyehubiri kuhusu njia ya uzito niliusahau uzito mara tu ulipovuka mkanda.

Kwa hiyo ninabadilisha maelekezo yangu: bitana ikatwe kwa kimo kile kile cha inchi 18, mbavu pekee ndizo ziingie ndani kwa namna niliyoeleza, na kona zishikizwe kama alivyosema fundi. Waliokwisha kukata fupi wasitupe vipande vyao. Watumie marekani nzito na wapunguze kimo cha nje kwa robo inchi ili vilingane, mradi hawajashona mikanda.

Mgeni wa Cherehani

Nimefika kwenye kuunganisha na nimekwama. Nimeuingiza mfuko mmoja ndani ya mwingine mara tatu na mara zote tatu kitu kimoja kinakuwa upande usiofaa. Pia cherehani yangu ni ya kukanyaga, Butterfly nyeusi ya bibi, na inagoma kwenye sehemu ya mikanda.

Mwenye uzi

Hatua hii humchanganya kila mtu, wala usijilaumu. Mfuko wa nje ugeuze uso wake uwe nje, kama utakavyobebwa. Bitana iache ndani nje, mishono ikionekana. Sasa uchukue mfuko wa nje na uutumbukize ndani ya bitana, mikanda ikiwa imelala chini katikati ya vitambaa viwili. Ukichungulia kati yao, uso utatazamana na uso. Ukiona mgongo, toa na uanze upya. Linganisha mishono ya ubavu, ibane kwa pini, na ushone mdomo wote kuuzunguka kwa nusu inchi. Halafu vuta kila kitu kupitia lile tundu la bitana. Ndugu zangu, sehemu hii hainichoshi: unavuta furushi lisilo na sura na linatoka mfuko. Kabla ya kuziba tundu, zishikize kona za kitako kupitia humo humo. Ukishaziba, piga pasi mdomo na upitishe mshono wa juu robo inchi kutoka ukingoni, ukiiinua mikanda isiingie chini ya sindano.

Kuhusu cherehani, angalia sindano kwanza. Namba 14 inatosha kwa kitenge na bitana, lakini kwenye mikanda yenye kiraka weka namba 16. Refusha hatua ya mshono hadi mishono 8 au 9 kwa inchi moja, kwa maana mishono midogo sana kwenye kitambaa kinene hukitoboatoboa kama stempu. Ukifika kwenye tabaka nyingi, acha kukanyaga na uzungushe gurudumu kwa mkono, hatua moja moja. Mguu wa cherehani ukiinama kwa sababu upande mmoja ni mnene, weka kipande cha kitambaa kilichokunjwa nyuma yake ili usimame sawa.

Fundi wa Miaka Mingi

Na atie mafuta. Cherehani za kurithi hulaumiwa kwa ugumu ambao ni ukavu tu. Tone moja kila tundu, aikanyage bila uzi dakika chache, kisha ashone kwanza kwenye kitambaa kibovu ili mafuta yaliyozidi yasitie doa kwenye kanga yake.

Asiye na Cherehani

Samahani kwa kuingia nikiwa nimechelewa. Je, kazi hii inawezekana kwa mkono mtupu?

Mwenye uzi

Inawezekana, na mikanda iliyoshonwa vizuri kwa mkono inaweza kudumu sana. Tumia mshono wa bakia, ule ambao sindano inarudi nyuma hatua moja kabla ya kwenda mbele hatua mbili, na uzi mnene wa poliesta, ukiupitisha kwenye nta ya mshumaa ili usijisokote. Uzi usizidi urefu wa mkono wako. Tenga jioni tatu au nne, na usianze na mikanda siku ambayo umechoka, kwa sababu tabaka zile huumiza kidole. Tafuta tondoo uvae.

Mgeni wa Cherehani

Nimemaliza. Kimo kimetoka inchi 14 na nusu badala ya 15, kwa sababu mshono wangu wa mdomo ulikuwa mpana kwa hofu ya kukosa kitambaa cha chini. Kona moja ya kitako ina mkunjo mdogo ambao nimeamua kuuacha. Nilifuata ushauri wa fundi, bitana ina kimo kamili na kona zimeshikizwa. Leo nimebeba kilo 3 za unga, nazi mbili na mche wa sabuni kutoka sokoni hadi nyumbani kwa miguu, na mraba wa mikanda haujasogea hata uzi mmoja. Mama mmoja njiani alisoma jina la kanga, akacheka, akaniuliza nimenunua wapi. Swali langu la mwisho ni hili: nitaufuaje, kwa kuwa ndani yake kuna kanvasi ya gundi?

Mwenye uzi

Hongera sana. Ufue kwa mkono, kwa maji baridi, na usiukamue kwa kuusokota, kwa sababu gundi hubanduka na kuacha mapovu chini ya kanga. Geuza bitana ije nje kiasi kona zilizoshikizwa zitakavyoruhusu, uning'inize kivulini kwa kuushika kwenye mdomo, si kwenye mikanda, halafu upige pasi ungali na unyevu kidogo. Mkunjo huo wa kona utapungua wenyewe ukitiwa pasi, na usipopungua, angalau utautambua mfuko wako siku mifuko ikichanganywa shughulini.